Kumkunjua Ndege

Kila Januari shule zinapofunguliwa, nyumba nyingi za Nakuru hugeuka karakana za karatasi kwa jioni moja au mbili. Vitabu vinatolewa mfukoni, magazeti ya zamani yanatandazwa sakafuni, kalenda ya mwaka uliokwisha inashushwa ukutani, na mwenye bahati ana kipande cha mfuko wa saruji, ile karatasi ya kaki isiyochanika ovyo. Mama au kaka mkubwa anaweka daftari katikati, anapima kwa jicho, anakunja ukingo wa juu na wa chini, kisha anapenyeza jalada ndani ya mfuko mdogo uliojitokeza pembeni. Hakuna gundi wala utepe. Daftari lililofunikwa vizuri hukaa hivyo hadi muhula wa tatu, na mtoto aliyekuwa kando akitazama ameshajua jambo ambalo wakunjaji wote wa karatasi hulitegemea: karatasi iliyokunjwa kwa mpango hujishika yenyewe.

Naanzia hapo kwa sababu origami ikitajwa, wengi wetu hufikiria kitu cha mbali. Jina limetoka Japani, na maumbo mengi tunayojifunza yametoka huko pia, lakini mikono ya kwetu ilikuwa kazini zamani. Fundi rangi hujikunjia kofia ya gazeti kabla ya kupanda ngazi. Muuza njugu kwenye steji huviringisha ukurasa wa daftari, akaubana ncha, akaujaza na kuufunga mdomo kwa kidole gumba huku macho yake yakifuata matatu inayoondoka. Mvua kubwa ikinyesha Bondeni au Kaptembwo, mitaro hubeba mashua za karatasi na watoto hukimbia nazo.

Na waliosoma shule za bweni kabla ya simu kuenea watakumbuka barua. Shule za wasichana na za wavulana zilipokutana kwa mashindano ya muziki au drama, barua zilipita mkono kwa mkono zikiwa zimekunjwa pembetatu, mraba au moyo, ncha ya mwisho imechomekwa ndani ya mkunjo wa kwanza. Ufundi huo ulikuwa ulinzi. Aliyeifungua njiani ilimbidi ajue kuirudisha ilivyokuwa, na mkunjo ukishalegea haufichi kwamba umeguswa. Kila darasa lilikuwa na bingwa wake, na wenzake walimletea barua zao awakunjie, wakasimama kando kumtazama vidole.

Sisi tunaokunja kwa kupenda tu tumeongeza jambo moja juu ya hayo yote: tunakaa pamoja tukazungumza. Ni Jumapili alasiri, watu wachache, mara kwenye nyasi za Nyayo Gardens, mara sebuleni kwa mmoja wetu mvua ikikataa. Kila mmoja huja na alichokunja wiki hiyo kwenye boksi la viatu au katikati ya kurasa za kitabu kikubwa ili kisipondeke. Yuko mwalimu wa hisabati, yuko mwanafunzi wa Egerton anayepanda gari kutoka Njoro, yuko jirani yangu fundi wa ujenzi, na yuko mpwa wangu wa gredi ya sita, ambaye vidole vyake vyembamba vimemfanya mchomoaji mkuu wa midomo ya ndege. Vitu hupangwa mezani. Mtu huchukua kobe wa mwenzake, akamgeuza tumbo juu, akamchungulia. Hapo mazungumzo huanza, na maneno yake ni ya kazi. Umeanzia ulalo au katikati? Hapa umekunja kwa ndani au kwa nje? Karatasi gani hii? Mbona mgongo haujafumuka?

Sifa hutolewa kwa namna nyingi katika mikutano hiyo, na ile ninayoipenda kuliko zote huja kama ombi: “Naomba nimfungue.”

Mwenye ndege husita. Amemaliza jioni nzima juu yake, na anajua kwamba hata akimkunja upya, ukali wa mistari ya kwanza hautarudi wote. Kisha anamsogeza. Aliyeomba anachomoa mkia taratibu, anafungua mabawa, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka karatasi inalala mezani, mraba uleule ulioanza nao, sasa umejaa mistari. Wote tunainama. Hapo ndipo mtu anaelewa shingo ilitoka kona ipi, na kwa nini tumbo limekuwa nene, na ni wapi mkunjaji alijaribu njia moja akaiacha, kwa maana mistari iliyoachwa nayo imo, hafifu kidogo kuliko mingine. Mkunjo ulioinuka wakunjaji duniani kote huuita mlima, na uliozama huuita bonde. Mwalimu wetu hupenda kuweka ncha ya kalamu pale mistari inapokutana, akawaambia watoto wahesabu milima na mabonde kuzunguka nukta hiyo. Umbo likiwa lilikunjwa likalala bapa, tofauti ni mbili daima: milima mitatu kwa bonde moja, au mabonde matano kwa milima mitatu. Kanuni hiyo inabeba jina la Mjapani Jun Maekawa. Watoto hawaamini mpaka wahesabu wenyewe nukta ya pili na ya tatu.

Ninaamini kwamba kushirikiana kwa kweli katika sanaa hii kumo katika kukunjua. Ndege aliyekamilika ni wa kutazamwa, na kutazamwa ni jambo jema. Lakini aliyekubali ndege wake afunguliwe mezani amewapa wenzake njia nzima, pamoja na mahali alipokwama. Mtu wa Jumapili ile akirudi nyumbani, ataweza kumkunja. Na akimkunja atabadili kitu, ataleta tena, na aliyekuwa mwenye ndege atakuwa ndiye mwenye kuomba.

Sanaa yenyewe ilivuka bahari kwa njia hiyo. Akira Yoshizawa, aliyezaliwa 1911, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani aliyepewa kazi ya kuwafundisha vijana wenzake jiometri, naye akawafundisha kwa kukunja karatasi. Baadaye aliacha kiwanda akakunja kutwa, akiishi kwa kuuza vyakula mlango kwa mlango, miaka mingi ya uhitaji. Mwaka 1954 alitoa kitabu chenye alama alizozibuni: vistari vilivyokatika kwa bonde, vistari na nukta kwa mlima, mishale ya kuonyesha karatasi inaelekea wapi. Mwaka uliofuata kazi zake zilionyeshwa Amsterdam, na mapema miaka ya 1960 Mmarekani Samuel Randlett na Mwingereza Robert Harbin walizipokea alama zile wakazieneza katika vitabu vyao. Tangu hapo mtoto wa Njoro asiyejua neno moja la Kijapani anaweza kukaa na ukurasa uliochorwa Osaka akatoka na kasa. Yoshizawa alifariki mwaka 2005, siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 14 Machi. Maumbo aliyoyabuni yalikuwa maelfu, na ni sehemu ndogo tu aliyowahi kuichora hatua kwa hatua. Hilo la pili hunisikitisha kila nikilikumbuka.

Kuna mkunjo mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa Nakuru aujaribu kabla ya mwaka kuisha. Kata mraba wa sentimita 16. Tafuta katikati ya ukingo wa juu, weka alama ndogo ya ukucha. Sasa chukua kona ya chini kulia, ipeleke mpaka iguse alama ile, kisha laza karatasi na upitishe ukucha. Kona ya juu kulia imebaki na pembetatu ndogo. Ipime kwa rula: sentimita 8 juu, sentimita 6 ubavuni, sentimita 10 kwenye ukingo ulioinama. Na upande wa kushoto, pale ukingo wa chini uliohama unapokata ukingo wa karatasi, umepata theluthi kamili bila kupima chochote. Jambo hili lilichunguzwa na Kazuo Haga, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, na wakunjaji wanalitumia kila wanapohitaji kugawa upande sehemu tatu.

Mwalimu alipotuonyesha, jirani yangu fundi aliichukua karatasi ile akaipima mara mbili. “Hii si tatu, nne, tano ya msingi?” akasema, na akatueleza anavyosimamisha kona ya nyumba: kamba ya mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kama ya kukingama haitimii mita 5, kona imepinda na kuta zote zitapinda nayo. Alikuwa ameitumia maisha yake yote ya kazi, kwenye mashamba ya Bahati na kwenye ploti za Free Area, na mwalimu alikuwa ameifundisha ubaoni kwa jina la Pythagoras miaka kadhaa. Waliketi mraba ule uko katikati yao, kila mmoja akimweleza mwenzake kitu ambacho wote wawili walikuwa wanakijua. Sikutaka kuondoka.

Tangu 1998 walimu wengi wa hisabati na sayansi nchini wamepita katika mafunzo ya SMASSE, mradi ulioanzishwa na Kenya pamoja na shirika la Japani la JICA, ambao ulisisitiza mwanafunzi ashike vitu kwa mkono na mwalimu abuni vifaa kwa alivyo navyo. Karatasi ndiyo kifaa kisichokosekana. Hata hivyo wazazi wamelalamika sana kuhusu manila na karatasi za rangi zinazoagizwa chini ya Mtaala wa Umilisi, na malalamiko hayo yana haki, kwa sababu si kila nyumba ina pesa za kupeleka dukani kila kazi inapotolewa. Ndiyo maana sisi hukunjia karatasi iliyokwisha kutumika: risiti ndefu, kadi za heri njema za mtihani uliopita, bahasha za kaki, na zile karatasi za mifuko zilizojaa madukani baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Mwanamazingira Wangari Maathai aliishi sehemu ya utoto wake karibu na Nakuru, kwenye shamba la mlowezi ambako baba yake alikuwa ameajiriwa, kuanzia 1943 hadi 1947. Alipozuru Japani mwaka 2005 aliipokea dhana yao ya mottainai, ya kuona uchungu kitu kinapopotea bure, akaizungusha duniani. Huwa nawaambia watoto hilo tukiwa tunakata miraba kutoka kwenye kalenda, na wao hukata kwa uangalifu zaidi.

Lakini tusingekuwa watu wa Nakuru kama hatungejaribu kumkunja heroe.

Ziwa letu lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, likawa mbuga ya taifa 1968, na mwaka 2011 likaingia pamoja na Bogoria na Elementaita katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Heroe ndio waliolitangaza, ule ukingo wa waridi uliochapishwa kwenye kadi za posta na kalenda. Mtaa mzima mjini unaitwa Flamingo. Kisha, tangu karibu 2010, maji yakaanza kupanda. Yalimeza miti ya migunga, barabara za mbuga na ofisi za lango kuu. Heroe mdogo anaishi kwa mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Maji ya mvua na mito yakizidi, magadi yanapoa, mwani unapungua, naye anahama. Wengi walikwenda Bogoria. Wengine huja na kuondoka. Wapo watoto wa gredi ya sita hapa mjini ambao wamewaona heroe wengi kwenye michoro kuliko ufukweni, na mpwa wangu ni mmoja wao. Labda ndiyo sababu yeye ndiye aliyeng’ang’ana naye.

Ugumu wake uko miguuni. Korongo wa Kijapani, yule ambaye kila anayeanza hujifunza, anatokana na msingi wa ndege, mkunjo unaotoa ncha nne ndefu, moja kutoka kila kona ya mraba. Ncha moja inakuwa shingo, moja mkia, mbili mabawa. Miguu haipo. Korongo wa karatasi hukaa kwa tumbo, na hakuna aliyewahi kumlaumu, kwa kuwa yeye ni wa kuruka. Ni huyo aliyekunjwa na Sadako Sasaki katika hospitali ya Hiroshima mwaka 1955, baada ya makorongo ya karatasi kutumwa kwa wagonjwa na wanafunzi wa Nagoya. Alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu iliyotokana na bomu, akafariki Oktoba ya mwaka huo akiwa na miaka 12, na karatasi alizotumia zilikuwa pamoja na zile zilizofungiwa dawa zake. Watoto hutulia wakisikia kisa hicho, halafu huuliza karatasi ya dawa ni ya aina gani na kama inashika mkunjo. Swali hilo nalipenda. Linamrudisha Sadako kuwa mkunjaji kama wao.

Heroe bila miguu hawi heroe. Ukitumia msingi uleule, ncha mbili zinakwenda miguuni, moja shingoni, na ya nne inarudishwa nyuma iwe mwili na mkia. Hapo unagundua kwamba ncha kutoka kona ya mraba haizidi nusu ya upande wa karatasi, na mguu wa heroe unataka urefu huo wote na zaidi. Pia unataka wembamba. Kila unapokunja kingo za mguu kuelekea katikati unaongeza tabaka. Karatasi ya daftari inavimba na kupasuka kwenye goti, manila inavunjika, na gazeti linashindwa kubeba uzito wa shingo. Tulizungumza juu ya goti hilo Jumapili nyingi. Mwanafunzi wa Egerton alipendekeza waya, tukakataa. Mwalimu alichora upya mgawanyo wa mraba ili miguu ipate sehemu kubwa zaidi na mabawa yapungue. Fundi ndiye aliyeleta tabaka la ndani la mfuko wa saruji, akalifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na hapo tukakumbuka kwamba Yoshizawa alikuwa akilowesha karatasi nene kidogo kabla ya kuikunja ili ikikauka ishike umbo. Karatasi ya saruji iliyoloweshwa hivyo inatii ajabu. Goti likikauka linabaki limesimama, na shingo inaweza kupindwa kwa duara badala ya kona.

Ubishi wetu mkubwa zaidi ni kuhusu mkasi. Mwanafunzi hushikilia kwamba tungechanja ncha moja mara mbili tungepata miguu bila taabu yote hii, na ana ushahidi mzito: kitabu cha Japani cha mwaka 1797 kuhusu makorongo elfu, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kale kabisa vya origami, kimejaa makorongo yaliyoungana mdomo kwa mdomo na bawa kwa bawa kutoka karatasi moja iliyochanjwa. Sheria ya mraba mmoja usiokatwa imekuja kukazwa baadaye sana. Siku moja tukiwa tumepanda Menengai alitusimamisha kwenye ukingo, pale kreta inaposhuka chini ya miguu na mji na ziwa viko nyuma yako, akasema: tazameni, hata nchi hii haikukunjwa. Ni kweli. Kuna milima duniani iliyotokana na matabaka ya mwamba kusukumwa na kukunjamana, kama Himalaya, lakini Bonde la Ufa lilitokana na ardhi kuvutwa pande mbili mpaka ikapasuka na katikati kudidimia, na kazi hiyo bado inaendelea. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunguka karibu na Suswa ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok.

Nilifikiri sana juu ya hoja yake, na bado niko upande wa mwalimu. Sababu yangu si usafi wa sheria. Karatasi iliyochanjwa huwezi kuifungua mezani ikawa mraba tena. Ukiifungua inabaki na majeraha, na anayejifunza haoni tena njia, anaona vipande. Kukataa mkasi kunatulazimisha tupate miguu ndani ya kile tulichopewa, na kunatuachia uwezo wa kurudi mwanzo mbele ya mtu mwingine. Kwenye ufa wa Suswa barabara ilijazwa kwa mawe na udongo, magari yakapita, lakini hakuna aliyeweza kuionyesha ardhi ilivyokuwa.

Mpwa wangu hakungoja tumalize kubishana. Jumapili iliyopita alikuja na heroe wa karatasi ya saruji aliyempaka rangi ya waridi, amesimama kwa miguu miwili, kichwa kimeinama kuelekea meza, mdomo umegeuzwa juu chini kama wanavyofanya heroe wakila. Goti liko mahali pake. Vidole vya miguu bado ni vinene na mguu wa kushoto ni mfupi kidogo. Mwalimu alimzungusha, akamtazama chini ya bawa, akaomba amfungue.

“Bado, Mwalimu,” akasema. “Sijamaliza kuchora mistari yake.” Akatuonyesha daftari: mraba uliopigwa kwa rula, mabonde kwa vistari, milima kwa vistari na nukta, na kona moja ikiwa tupu. Fundi amemwahidi mfuko mwingine wa saruji, na mimi nimeagizwa rula ndefu zaidi.